Mume Wangu Alifukua Kifusi Kariakoo, Sasa Kifua Hakimwachi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msomaji wako wa Mbagala, mama wa watoto wawili. Jina langu naomba lisitoke, maana mume wangu akijua nimeandika haya nyumbani hapatakalika.

Mume wangu ana miaka 38, ni fundi tailizi. Siku lile ghorofa la Kariakoo lilipoanguka, Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, yeye alikuwa Gerezani ananunua gundi ya tailizi. Akaona watu wanakimbia, naye akakimbia nao. Anasema walipofika kulikuwa na vumbi tupu, mtu wa mbele yako humwoni, na sauti za watu zinaita kutoka chini. Zimamoto na wanajeshi walikuja, lakini mwanzoni raia ndio walioshika nyundo, wengine mikono mitupu. Yeye kwa kuwa anajua mambo ya ujenzi na ana mwili mdogo, akawa anaingizwa kwenye matundu. Nyumbani alirudi Jumatatu usiku. Nywele zilikuwa zimegandana, macho mekundu, sauti imekauka. Puani alikuwa amejifunga fulana yake, basi.

Mwezi wa kwanza tulisema ni vumbi, litatoka lenyewe. Shangazi, mpaka leo anakohoa. Ni kikohozi kikavu, kinazidi usiku akishalala chali. Nikiwasha mkaa au mtu akipita na manukato makali, kifua kinambana mpaka anatafuta pa kushika. Zamani alikuwa anapandisha maboksi ya tailizi ghorofa ya tatu bila kupumzika, sasa boksi moja linamkalisha kwenye ngazi. Zahanati tumekwenda sana. Makohozi yamepimwa mara mbili, wakasema hana TB. Picha ya kifua wakasema safi. Wakampa vidonge vya kuua vijidudu na dawa ya kikohozi ya maji, zikiisha tunarudi wanatupa nyingine. Vidonge vya kiungulia ananunua mwenyewe duka la dawa, hatoki bila kuvitia mfukoni.

La pili ndilo linaloninyima raha. Amebadilika tabia. Simu ikiita anashtuka, na ikiita kwa muda mrefu anafoka. Ya kwangu alishaitupa ukutani. Rafiki yake waliyekuwa wote pale ndiye aliyenidokeza kwamba kule chini simu za watu zilikuwa zinaita, wanausikia mlio, wanachimba kuufuata, halafu unakoma. Mwenyewe hajawahi kuniambia neno. Analala karibu na mlango, na mlango lazima uwe wazi, kwetu Mbagala! Kariakoo hakanyagi tena, vifaa ananunua kwingine kwa bei ya juu. Pombe alikuwa anaonja sikukuu, sasa ni kila jioni. Watoto wameanza kumkimbia.

Mama mkwe anasema amekumbwa na roho za waliofia pale, na amepata mganga Mkuranga wa kumfukiza. Mimi nikisema twende hospitali kubwa, mume wangu ananijibu hivi: "Mimi sikuumia. Walioumia tuliwatoa."

Shangazi, huu ni ugonjwa gani? Watoto wangu hauwezi kuwapata? Nimpeleke wapi? Na kama ni vumbi la pale, kuna mtu wa kumdai?

Mama Wawili, Mbagala

---

Marahaba, mwanangu.

Swali la watoto nalimaliza kwanza kwa sababu ni jepesi. Kikohozi cha vumbi hakiambukizi. Kinachoambukiza ni TB, na hiyo imetafutwa mara mbili haikuonekana. Hata hivyo kipimo cha mwaka jana hakisemi lolote kuhusu mwaka huu, hasa kwa mtu ambaye mapafu yake yamekula vumbi la mawe. Apimwe tena, na aulizie kipimo cha GeneXpert, ambacho kinaona vimelea ambavyo darubini inaweza kuvikosa. Kwenye vituo vya serikali kupima na kutibiwa TB ni bure. Akikutwa hana, msirudi nyumbani kupumzika, maana hapo ndipo zahanati yenu ilipokomea. Mtu akiambiwa "huna TB, na picha ni safi", anaelewa kwamba haumwi. Picha ya kifua inaonyesha nyama ya mapafu. Mirija ya hewa iliyovimba na kukaza haionekani kirahisi kwenye picha, na dalili ulizoniandikia, za kubanwa na moshi, na manukato, na ngazi, ni dalili za mirija.

Sasa tuje kwenye vumbi lenyewe. Jengo la zege likisagika linatoa saruji, mchanga uliogeuka unga, vioo, na chochote kilichokuwa dukani siku hiyo. Saruji ikikutana na maji inachoma. Mumeo ni fundi, muulize vidole vinakuwaje ukishinda unachanganya saruji bila glavu. Koo na mirija ya hewa ni laini kuliko vidole, na muda wote ni mibichi. Yeye alishinda humo ndani ya matundu, mahali ambapo vumbi halina pa kwenda, kwa fulana moja iliyolowa jasho. Fulana huzuia mchanga. Ule unga mwembamba, ambao ndio unaofika chini kabisa, unapita.

Hili limeshaonekana kwingine, tena kwa kiwango kikubwa sana. Majengo mawili ya World Trade Center, New York, yenye ghorofa 110 kila moja yalipoangushwa na magaidi tarehe 11 Septemba 2001, maelfu ya watu waliingia kwenye kifusi kutafuta wenzao: zimamoto, polisi, mafundi wa vyuma, watu wa kawaida waliojitolea. Vumbi la pale walilipima wakalikuta kali kama hilo la saruji ninalolisema. Wiki ile ile watu waliambiwa na viongozi wa mazingira kwamba hewa ni salama. Moto chini ya kifusi uliendelea kuwaka hadi Desemba. Haukupita muda zimamoto wakaanza kukohoa, na madaktari wao wakakipa kikohozi hicho jina la majengo yenyewe kwa sababu walikuwa hawajawahi kuona watu wazima wenye afya wakipata kitu kama kile kwa mkupuo.

Bahati yao ilikuwa moja: idara ya zimamoto ya mji ule ilikuwa na desturi ya kuwapima askari wake mapafu mara kwa mara, kabla na baada. Kwa hiyo vipimo vya awali vilikuwepo vya kulinganisha. Ikaonekana kwamba katika mwaka wa kwanza peke yake, kwa wastani, walipoteza nguvu ya mapafu ambayo mtu huipoteza kwa miaka 12 ya kuzeeka. Waliofika mapema, vumbi likiwa zito, ndio walioumia zaidi. Walipofuatiliwa kwa miaka iliyofuata, wengi nguvu ile haikurudi. Siku ya tukio walikufa askari wa zimamoto 343. Septemba 2023, idadi ya askari waliokufa kwa maradhi yaliyotokana na pale nayo ikafika 343.

Nimekutajia hayo ili uone kwamba anachosema mumeo, kwamba hakuumia, ndicho walichosema wale wote. Walitoka pale kwa miguu yao. Lakini naomba uyapime kwa akili. Kule moto uliwaka miezi, kukachanganyika mafuta ya ndege, plastiki na asbestosi, na wengi walifanya kazi pale kwa muda mrefu. Kariakoo lilikuwa jengo la ghorofa nne, na kazi ya uokoaji ilichukua siku kadhaa tu. Saratani zilizowapata wale wa New York sina sababu ya kukutishia nazo hapa. La kuangalia kwa mumeo ni njia ya hewa, tumbo na kichwa, na yote matatu yana tiba.

Ila kuna kitu umekiandika kwa kupita tu nami nimekisimamia. Ni fundi tailizi. Tailizi anazikata kwa grenda? Kavu, ndani ya chumba, bila maji? Basi vumbi la Kariakoo lina mwenzake, na huyo mwenzake anamtembelea kila siku ya kazi. Unga wa tailizi na wa zege una silika, mchanga ule mgumu ambao mwili hauwezi kuuyeyusha. Ukikaa kwenye mapafu unaweka makovu polepole, kwa kawaida baada ya miaka mingi, ingawa mwenye kuvuta mwingi sana hupata mapema. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Wachimbaji wetu wa migodini wanaujua, na unafungua mlango kwa TB. Makovu yakishaingia hayatoki. Sisemi anao. Nasema daktari asipojua kazi yake hatauwaza, na mkiendelea kulaumu Kariakoo peke yake mtatibu nusu.

Kwa hiyo kabla hata ya hospitali, jambo moja lianze kesho saitini: akate kwa maji. Kuna mashine za kukatia tailizi zenye beseni la maji, na asiyekuwa nayo anaweza kuwa na kibarua anayemwagia maji kwa chupa pale blade inapokata, mradi tu mashine yenyewe iwe ya kustahimili maji, maana umeme na maji havina urafiki. Akishindwa, akatie nje, upepo ukimpiga mgongoni. Barakoa zile nyepesi za enzi za korona hazitoshi. Atafute ile ngumu iliyoandikwa N95 au FFP2, ibane uso vizuri, na ndevu zinaivujisha. Bosi wa saiti akisema anachelewesha kazi, na aseme. Kama anavuta sigara, hukusema, lakini kama anavuta ujue dawa yoyote atakayopewa itafanya kazi nusu.

Halafu hivyo vidonge vya kiungulia. Mtu aliyeshinda kwenye vumbi hakulivuta tu, amelimeza pia. Wale wa New York wengi walipata mambo haya kwa pamoja: kikohozi, pua kuziba na kuvuja makohozi kooni, na asidi kupanda kutoka tumboni. Asidi ikipanda usiku mtu akiwa chali inagusa koo, naye anakohoa. Ndiyo maana namuona anakohoa zaidi akilala. Vidonge vya kutafuna vinazima moto wa saa moja. Daktari akielezwa anaweza kumpa dawa ya kupunguza asidi yenyewe kwa wiki kadhaa. Ninyi kwa sasa mwinueni kitanda upande wa kichwani kwa matofali, asile kisha akalala papo hapo, na pombe ya jioni ndiyo inayolegeza mlango wa tumbo. Hapo nitarudi.

Hospitali gani? Mwende hospitali ya rufaa ya mkoa, muulizie kliniki ya kifua. Mkifika msiseme "anakohoa" mkanyamaza, kwa sababu mtapewa chupa nyingine ya dawa ya maji. Semeni: alifukua kifusi Kariakoo Novemba 2024, ni fundi anayekata tailizi, anakohoa tangu hapo, anabanwa na moshi, TB amepimwa. Mwombeni daktari aiandike historia hiyo kwenye cheti kwa maneno hayo hayo. Kisha ulizeni kipimo cha nguvu ya mapafu, kile cha kupuliza kwa nguvu kwenye bomba mpaka pumzi iishe, kinaitwa spairometri. Wanapima, wanampa dawa ya kuvuta ya kufungua mirija, wanapima tena. Ikionekana mirija imefunguka, huyo ana kitu kama pumu iliyoanzishwa na vumbi, na dawa za kuvuta zitamsaidia sana, hasa ile ya kutumia kila siku kupunguza uvimbe ndani. Najua watu wetu wanaogopa pampu. Wanasema ukiianza huachi. Si kweli, na anayeitumia siku akibanwa tu, akiiacha akipata nafuu, ndiye anayeishia kulazwa. Kama mkoani mashine haipo, waombeni rufaa ya Muhimbili. Hapo mtazungushwa kidogo, nakwambia mapema ili usikate tamaa siku ya kwanza.

Akikohoa damu, akipungua mwili bila sababu, akitoka jasho usiku kulowanisha shuka, au akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, hiyo si ya kusubiri tarehe ya kliniki.

Sasa la pili, ambalo kwangu mimi ndilo zito.

Mtu anayeshtuka na mlio, anayekwepa mtaa, anayelala mlangoni, anayefoka bila sababu na kunywa ili alale, hajapagawa. Ubongo wake umebaki kazini pale kwenye kifusi. Wataalamu wanaiita hali hii msongo unaofuata tukio la kutisha, wengine wanasema kiwewe, na inawapata waokoaji kama inavyowapata walionaswa. Sisi Afrika Mashariki tunayo mifano yetu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalipolipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam siku moja, Nairobi walikufa watu 213 na hapa kwetu 11, na majeruhi wakawa maelfu. Watu wa Nairobi walikimbilia kifusi cha jengo la jirani kama mumeo alivyokimbilia, wakafukua kwa mikono. Miezi michache baadaye madaktari wa akili wa Kenya walihoji zaidi ya watu 2,800 waliokuwa wameguswa na mlipuko. Takriban mtu mmoja kati ya watatu alikuwa na dalili hizi za mumeo. Mmoja kati ya watatu, mwanangu. Roho zingekuwa na kazi kubwa mno.

Hali hii wakati mwingine hupungua yenyewe miezi ya mwanzo. Ikipita mwaka bado inamshika, inahitaji mtu wa kuishughulikia. Tiba yake kubwa ni mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa, kwa vipindi, akimsaidia alisimulie tukio kidogo kidogo mpaka lirudi kuwa jambo lililopita. Zipo na dawa, daktari akiona zinafaa. Hospitali za rufaa nyingi zina kitengo cha afya ya akili, na pale huwa kuna maofisa ustawi wa jamii ambao wanaweza kuwa mlango mzuri wa kuanzia. Najua utakachosikia mtaani: "amepelekwa kwa wa Mirembe." Waache waseme. Na kama huna hakika pa kuanzia, Wizara ya Afya ina namba ya bure, 199, wapigie wakuelekeze.

Pombe usiipigie kelele kwanza. Anaitumia kama dawa ya usingizi, na ukimnyang'anya bila kumpa kingine atakunywa mbali na macho yako. Mweleze daktari anakunywa kiasi gani, kwa sababu mtu aliyezoea kila siku akikatiza ghafla anaweza kuumwa vibaya. Wewe kazi yako ni kuzima mlio wa simu, weka mtetemo, na watoto waambie kwa lugha yao kwamba baba aliona mambo mabaya alipokuwa anasaidia watu, na kwamba si wao wanaomkasirisha. Usimlazimishe akusimulie. Lakini siku akisema maneno kama "bora ningebaki kule chini", usicheke wala usibadilishe mada. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake, na mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Mama mkwe usigombane naye. Mwanawe anaharibika mbele yake, anatafuta mlango. Mwambie dua na isomwe, hata kila Alhamisi, kama ni watu wa kanisani basi sala. Mtu aliyefukua maiti anahitaji kuombewa na watu wake, na hilo hospitali haimpi. Kufukizwa ndiko nisikotaka, na sababu yangu ni ya kifua tu. Mtu ambaye moshi wa mkaa unambana, umfunike blanketi juu ya chetezo? Atatokea hapo akiwa kwenye bajaji ya hospitali. Nyungu vilevile, mvuke wa moto na majani makali unaweza kumkaza mirija badala ya kumfungua. Mwambie mama kwa adabu: "Mama, dua ndiyo, moshi hapana, daktari kakataza." Nisingizie mimi ukitaka. Na jiko la mkaa lihamie nje mlangoni.

Utampelekaje mtu anayesema hakuumia? Usibishane naye kuhusu nani aliumia. Mwambie unataka akapimwe mapafu kwa ajili ya kazi, boksi la tailizi limemshinda na hilo hawezi kulikana. Wanaume wengi wanakwenda hospitali kwa sababu ya kifua kirahisi kuliko kwa sababu ya usingizi. Akishakaa mbele ya daktari, mengine utayasema wewe. Njia nyingine ni huyo rafiki yake. Kama naye anakohoa, na sitashangaa, waende wawili. Walioingia pamoja kwenye tundu wanasikilizana kuliko watakavyotusikiliza sisi.

Umeuliza kuhusu kudai. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa mwajiriwa aliyeumia au kuugua kutokana na kazi yake. Mumeo siku ile hakuwa kazini kwa mtu, alikuwa raia aliyejitolea, kwa hiyo mlango huo sikuoneshi. Mwenye jengo ni suala la kisheria, na huko muulizeni wakili au shirika la msaada wa kisheria, usilipe mtu wa mtaani anayekuahidi hela. Ukweli mchungu ni kwamba raia anayekimbilia kifusi kwa kawaida hatokei kwenye orodha yoyote. Waliotolewa wakiwa hai siku zile, zaidi ya 80, waliandikwa. Waliokufa waliandikwa. Waliowatoa, nani aliwaandika?

Marekani wenyewe, na utajiri wao, iliwachukua karibu miaka kumi. Sheria ya kuwatibu waliougua kutokana na vumbi la New York ilisainiwa Januari 2011, ikapewa jina la polisi James Zadroga aliyefanya kazi kwenye kifusi kile na kufariki mwaka 2006. Mwaka 2015 mpango huo ukaongezwa muda hadi 2090, kwa sababu walikubali kwamba walioathirika watauhitaji maisha yao yote. Uliwachukua na waliojitolea, na wafagizi, na wakazi wa mitaa ile. Lakini mlangoni kila mtu alitakiwa athibitishe kwamba alikuwepo pale, siku zipi, kwa muda gani. Kwa waliokuwa na kitambulisho cha idara ilikuwa rahisi. Aliyekuwa amejitolea tu ilibidi atafute mashahidi na ushahidi wa zamani.

Hapa kwetu sheria ya namna hiyo haipo, nami siwezi kukuahidi itakuja. Lakini karatasi haigharimu. Chukueni daftari, mumeo akubali aandike, au wewe uandike yeye akisema: tarehe, aliingia saa ngapi, upande gani wa jengo, alitoka lini, alivaa nini puani, alikuwa na nani. Wenzake wawili au watatu waliomwona watie sahihi na namba za simu. Picha zozote za siku ile zisifutwe, zitumwe na kwa mtu mwingine ahifadhi. Mpeleke maelezo hayo serikali ya mtaa, mwenyekiti agonge muhuri. Ambatanisha vyeti vyote vya zahanati kuanzia kile cha kwanza, hata vile vilivyoandikwa "kikohozi" tu, kwa kuwa vina tarehe. Matokeo ya spairometri ombeni nakala, msiridhike na kuambiwa kwa mdomo, kwani mwakani mtahitaji ya kulinganisha nayo.

Usipopata kipimo mkoani, niandikie tena, safari hii uniambie walikujibu nini. Na msomaji mwingine yeyote uliyekuwa pale Kariakoo siku zile, ukaingia kwenye kifusi na kifua hakijatulia, mambo haya ya cheti, kipimo na daftari nawe yanakuhusu.

Shangazi